Saa Kutoka Angani
Umeme ukikatika hapa kwetu Mkolani na intaneti ikipotea, kompyuta ya dukani yenye betri ya saa iliyochoka huwaka na tarehe ya miaka ya nyuma, na kumbukumbu za mauzo zikavurugika. Dawa yake ni rahisi: kipokezi cha GPS kama NEO-6M. Ujumbe wake wa saa huchelewa kidogo, lakini kila sekunde kipokezi hutoa mpigo wa umeme usiokosea hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kwenye vibao vingi mpigo huo huishia kuwasha taa ndogo tu. Lehemu waya mwembamba hapo, uupeleke kwenye kompyuta, kisha NTP, itifaki ya kulinganisha saa iliyoanza mwaka 1985, itumie ujumbe na mpigo huo kurekebisha saa. Antena iwekwe nje. Chini ya bati haipati setilaiti.