Gesi au CO2? Usimuuzie mteja nguvu ambayo hataitumia

Leo naongelea bidhaa ambayo wengi wenu hamuiuzi, ila kosa nililofanya nayo naliona kila siku hata kwa wanaouza blenda na spika: tunamuuzia mteja namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, halafu tunashangaa mzigo unarudi.

Mi nipo Uingereza, nina duka dogo la mtandaoni la vifaa vya easofti. Kwa asiyeijua, ni mchezo wa timu mbili. Watu wanavaa miwani ya kinga na kufukuzana msituni na bunduki za kuchezea zinazorusha vipira vya plastiki vya milimita 6. Bastola za mchezo huu, zile ambazo slaidi yake (kipande cha juu) inarudi nyuma ukifyatua, ziko za aina mbili. Kuna za gesi, unajaza kwenye magazini kutoka kwenye kopo. Na kuna za CO2, yaani hewa ukaa iliyobanwa kwenye kichupa cha chuma cha gramu 12 unachokitia ndani ya magazini.

Msimamo wangu nautoa mapema: kama duka lako ni dogo, jaza stoo yako na za gesi. CO2 iagize kwa mteja anayejua kwa nini anaitaka. Najua wauzaji wenzangu watanibishia. Ngoja niwaeleze.

Nilivyoanza sikuwa na mtu wa kunifundisha. Nilikuwa naangalia video na kusoma maboksi. Boksi la CO2 linasema ina nguvu zaidi, basi nikaweka karibu mtaji wangu wote kwenye bastola 10 za CO2. Tangazo langu lilikuwa na neno moja tu kubwa: NGUVU.

Mteja wangu wa tatu alikuwa baba mmoja Mkongo. Alinipata kwa sababu naandika Kiswahili, tukaongea kwenye simu kama ndugu. Akauliza, "Hii ndiyo nzuri kwa mtu anayeanza?" Nikamwambia ndiyo, tena ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Jumapili akaenda nayo uwanjani. Asubuhi kabla ya mchezo kila bunduki inapimwa mwendo wa kipira. Viwanja vingi hapa vinaweka kikomo cha futi 350 kwa sekunde ukitumia kipira cha gramu 0.20, ambayo ni kama juli 1.14. Yake ikasoma 380 na kitu. Kisheria haikuwa na shida, maana sheria ya hapa inaruhusu hadi juli 2.5 kwa inayopiga moja moja. Ila uwanja una kanuni zake. Wakamwambia airudishe kwenye begi.

Akanipigia jioni. Hakunitukana. Alisema tu, "Ndugu yangu, ungeniambia."

Nilimrudishia hela yote. Hapa mteja wa mtandaoni ana siku 14 za kughairi tangu apokee mzigo, lakini hata zisingekuwepo ningemrudishia. Bastola ikarudi imeshatumika, siwezi kuiuza kama mpya. Mwezi huo ikarudi nyingine kwa sababu hiyohiyo. Zilizobaki zikakaa stoo na mtaji wangu ndani yake, nikashindwa hata kuagiza vipira, bidhaa inayotoka kila wiki.

Sasa tuangalie vitu vyenyewe vinavyofanya kazi, maana huwezi kumshauri mteja kwa kitu usichokielewa.

Gesi inayotumika sana kwenye mchezo huu kimsingi ni propani, mojawapo ya gesi zilizomo kwenye mtungi wa kupikia, ikiongezwa mafuta kidogo ya silikoni. Tairi la gari dogo linajazwa presha ya 30 hadi 35. Kwa kipimo hichohicho, propani kwenye joto la nyuzi 20 inafika kama 110. CO2 kwenye joto hilohilo inapita 800. Vali ya bastola inapunguza kinachotoka, kwa hiyo kipira hakiendi mara saba zaidi, lakini vali, mipira ya kuzuia kuvuja na slaidi vyote vinaonja presha hiyo.

Hapo ndo shida za mteja mpya zinapoanzia. Bastola nyingi za Tokyo Marui, kwa mfano, zina slaidi ya plastiki na zimetengenezwa kwa gesi nyepesi, kwa sababu Japani sheria inabana nguvu isifike juli 1. Mteja akisikia "CO2 ni kali", anatafuta magazini ya CO2 inayoingia kwenye bastola yake ya gesi. Inaingia vizuri kabisa. Halafu slaidi inapasuka, na anakuandikia wewe uliyemuuzia bastola.

Kuna na matunzo. Gesi ya kopo kwa kawaida ina mafuta ndani yake, kwa hiyo kila akijaza anailainisha mipira. Kichupa cha CO2 mara nyingi ni kikavu, lazima aweke tone la mafuta ya silikoni mwenyewe. Tena magazini ya gesi inataka iachwe na gesi kidogo ndani ili mipira isikauke, wakati kichupa cha CO2 kilichotobolewa kikiachwa humo wiki mbili mipira inabanwa na kuanza kuvuja. Mteja mpya hayajui haya. Atakuambia tu "umeniuzia mbovu".

Sasa nitende haki, maana CO2 ina sifa zake za kweli.

Baridi ndiyo adui wa gesi. Joto likishuka hadi nyuzi 0, propani inabaki na kama nusu ya presha yake. Mwezi wa kwanza hapa utamwona mtu ameficha magazini kwapani kama anapima homa. CO2 nayo inashuka, lakini kwenye nyuzi 0 bado ina presha ya karibu 490, kwa hiyo bastola inaendelea kupiga. Pia CO2 haishiki moto, propani inashika, na kichupa kinabebeka mfukoni. Anayecheza majira ya baridi, mwenye bastola ya slaidi ya chuma iliyotengenezwa kwa CO2, na uwanja wake unaikubali, huyo muuzie bila wasiwasi. Atakuja kununua vichupa tena na tena.

Ila huyo ni mteja wa pili au wa tatu. Huyo hukuulizi "ipi nzuri", anakutajia modeli. Anayekuuliza "ipi nzuri" ndiye wengi wetu tunayempata, na huyo anahitaji bastola itakayoruhusiwa uwanjani Jumapili hii na isiyokufa akisahau kuipaka mafuta.

Na kwa upande wa hela, msidanganywe na faida ya boksi moja. Bastola mtu ananunua moja kwa mwaka. Faida yangu ya kila wiki inatoka kwenye makopo ya gesi, vipira, na chupa ndogo za silikoni. Mteja mwenye bastola inayofanya kazi anarudi kununua hivyo vyote. Mteja aliyezuiwa getini harudi, na anawaambia wenzake.

Siku hizi kabla sijamuuzia mtu bastola namwuliza maswali manne kwenye meseji:

1. Unacheza uwanja gani, na kikomo chao ni futi ngapi? Kama hajui, namwambia awaulize kwanza. Sale inaweza kusubiri siku moja.

2. Unacheza majira gani? Wa kiangazi tu hana sababu ya CO2.

3. Ni bastola yako ya kwanza? Kama ndiyo, gesi.

4. Una bastola tayari na unataka magazini tu? Nitumie picha na jina la modeli, nione slaidi ni ya nini.

Maswali haya yamenipotezea mauzo machache. Mizigo inayorudi imepungua sana.

Mawili ya mwisho, ya lazima.

Usafirishaji: kopo la gesi na kichupa cha CO2 vyote vinahesabiwa kama mzigo wa hatari. Usivitume kwa njia inayopita kwenye ndege, na usifiche kwa kuandika "vifaa vya michezo". Soma masharti ya kampuni inayokubebea kabla hujatangaza kwamba unatuma popote.

Sheria: hapa Uingereza sheria ya 2006 hainiruhusu kumuuzia yeyote bastola inayofanana na ya kweli. Lazima awe na miaka 18 na athibitishe kwamba ni mchezaji, na wengi wanafanya hivyo kwa usajili wa UKARA. Wewe uliyepo Dar, Mombasa au Kampala, tafadhali usisome hii ukakimbilia kuagiza. Kitu chenye sura ya bastola kikikutwa kwenye mzigo wako, maneno ya "ni ya kuchezea" hayatakusaidia. Nenda kaulize kwanza wanaotoa vibali vya silaha, upate jibu la maandishi.

Yule baba Mkongo nilimpigia baada ya miezi miwili. Nikamwambia nina ya gesi, uwanja wake unaikubali, na aijaribu kwanza ndo alipe. Aliinunua. Mpaka leo anachukua kopo moja kila mwezi, na kila akiagiza ananitania, "Ndugu, hii ina nguvu?" Namjibu, "Ina ya kutosha."

Na wewe, kwenye bidhaa yako, ni namba gani ya kwenye boksi inayokurudishia mizigo? Andika hapo chini tujifunze wote.