Karani Hakuzaa Mtu

Wako watu wasemao kwamba sisi wa Taita na Taveta hatuna nasaba, kwa sababu hatuna jina moja la ukoo lipitalo kwa baba, mwana na mjukuu. Mzazi wa hapa Mboghoni apelekapo watoto wake kuandikishwa, mmoja akiitwa Mwakio kwa babu mzaa baba, na nduguye Mwamburi kwa babu mzaa mama, karani huinua uso akauliza kama kweli baba yao ni mmoja. Swali hilo lina kejeli ndani yake. Nami nitalijibu kwa mfano wa Wafaransa, mabingwa wa madaftari.

Tangu mwaka 1539 mfalme wao aliamuru ubatizo uandikwe, na sheria ya 1794 ilimkataza raia kutumia jina jingine ila lile la cheti chake cha kuzaliwa. Lakini hebu tazama walivyoita watoto. Zamani, vijijini kwao, mtoto alipewa jina na msimamizi wake wa ubatizo, na mara nyingi msimamizi huyo alikuwa babu au bibi yake. Jean akamzaa Pierre, Pierre akamzaa Jean. Je, hayo si yetu? Tena katika madaftari yao mwanamke huandikwa kwa jina la baba yake mpaka kufa, hata akiolewa mara tatu. Wale watuambiao kwamba ustaarabu ni mke kufuta jina lake walijifunza kwa Waingereza, wakadhani Ulaya yote ni nyumba moja.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa, apate watumwa 1,000 kila mwaka, kila mtu kwa piasta 20. Watu wa pwani na bara yetu walipelekwa Mauritius na Réunion kulima mashamba. Waliondoka kwao na majina. Huko wakabaki na jina moja tu la kuitiwa kazini. Tarehe 20 Desemba 1848 watumwa zaidi ya 60,000 wa Réunion walipata uhuru, na kila mmoja ilimpasa awe na jina la ukoo. Nani aliwapa? Karani! Aliepuka majina ya mabwana. Basi akapindua herufi za majina, akachuma mengine katika mimea, miezi na mashujaa wa kale.

Leo mjukuu atafutaye mzee wake wa Kifaransa kwa kufuata jina hupanda ngazi hadi 1848, na hapo hukuta wino. Mwenye kalamu ile hakumzaa. Damu ya Kifaransa, kama anayo, pengine ilimjia kwa bwana aliyemkana mwanawe, wala daftari halisemi neno. Na yule bibi aliyetoka Afrika, ambaye ndiye mzazi wa yakini, mara nyingi ameachiwa neno moja tu, kwamba ni wa Msumbiji, hata kama hakuiona nchi hiyo.

Kutoka Réunion hiyo hiyo mapadre walifika Unguja mwaka 1860. Wenzao wa Shirika la Roho Mtakatifu, wengi wao Wafaransa, walijenga Bagamoyo mwaka 1868, na katika miaka ya 1890 wakafika Bura, katika milima ya Taita, wakabatiza kwa majina ya watakatifu. Sina ugomvi na majina hayo. Ugomvi wangu ni na desturi ya kulitwaa jina la ubatizo la babu, kulifanya la ukoo kwa ajili ya fomu, na kuliacha lile alilorithi kwa wazee wake. Kizazi cha tatu kitakuja kuuliza kama babu alikuwa Mfaransa.

Karani akitaka neno moja la kujaza nafasi yake, apewe. Ila darasani kwangu kila mwanafunzi huandika katika daftari la pili: nimerithi jina la nani, alikuwa wa upande wa baba au wa mama, na yeye alilirithi kwa nani. Wengi hukwama katika swali la tatu. Hao huwatuma nyumbani Ijumaa wakamwulize bibi, maana bibi bado yu hai.