Jaboya Haikuletwa na Mwandishi

Kuna imani iliyoota mizizi Nyanza Kusini kwamba mwandishi anayesimulia maovu ya kwao anaivua jamii nguo. Kijana wa Mbita au Muhuru Bay akitunga hadithi kuhusu jaboya, mvuvi anayempa mchuuzi samaki kwa sharti la kulala naye, ataambiwa mambo hayo ni ya ndani na kwamba wazee hawakusimulia hivyo. Imani hiyo ni potofu, na inawasingizia hao wazee wenyewe.

Karibu na Kendu Bay kuna Ziwa Simbi, la mviringo, maji yake ya chumvi na ya kijani, heroe wakijitafutia chakula ukingoni. Wajaluo husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji. Watu walikuwa shereheni wakila na kunywa, akaja bibi kizee mwenye njaa, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimkirimu. Usiku huo maji yakawafunika wengine wote. Wazee hawakuusukumia ukatili huo nchi ya mbali. Waliupa mahali panapoonyeshwa kwa kidole hadi leo.

Mwandishi Grace Ogot aliiandika upya hadithi hiyo kwa Dholuo. Ni yeye pia ambaye, katika mkusanyiko wake wa mwaka 1968, Land Without Thunder, alimweka Elizabeth, karani wa Nairobi anayebakwa na mwajiri wake na mwishowe kujiua. Ogot alikuwa amesomea uuguzi, hakuyaogopa majeraha.

Vita hivi vya kusimulia maovu ya kwenu vilipiganwa India mapema zaidi. Mwaka 1935 mwandishi Premchand alichapisha hadithi "Kafan" kwa Kiurdu. Baba na mwana wanaota moto nje ya kibanda, wakila viazi vya kuiba, huku mke wa kijana akifa kwa uchungu wa uzazi. Kijana hathubutu kuingia ndani kumtazama, maana baba atamaliza viazi. Baadaye wanachangiwa pesa za sanda, wanazinywea pombe. Ni vigumu kupata kurasa chache zinazoonyesha vizuri zaidi njaa inavyomla mtu utu wake. Nao waandishi Ismat Chughtai na Saadat Hasan Manto walifikishwa mahakamani kwa tuhuma za kuandika mambo machafu. Hadithi zao zinasomwa mpaka leo.

Pingamizi moja lina uzito: nani anamwandika nani? Baadhi ya waandishi wa Kidalit, yaani wa tabaka linalobaguliwa India, walimlaumu Premchand kwa kuwachora maskini wa tabaka lao kama wavivu wasio na haya. Lakini wao hawakudai kimya. Walishika kalamu, wakaandika maisha yao wenyewe.

Turudi kwenye jaboya na ufuo wake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta maambukizi ya virusi vya ukimwi yamefikia asilimia 19.6 katika kaunti ya Homa Bay na 13 katika kaunti ya Migori, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.9. Takwimu hizo haziwezi kumwonyesha mama aliyesimama ufuoni alfajiri na karai tupu, mkopo wa chama ukimsubiri, mashua ikikaribia na bei anaijua. Hadithi inaweza. Mficha maradhi kilio humuumbua, na ufuo huu umeshalia vya kutosha.

Basi mwalimu wa Homa Bay, mhariri, mzazi: binti akikuletea hadithi ya jaboya, au ya machimbo ya dhahabu ya Macalder, usimwambie aitupe. Msahihishie sarufi, mwulize kama ameandika kweli tupu, kisha mtafutie mchapishaji.