ZILIPENDWA SI ZA WAZEE PEKE YAO

Wahenga walinena kuwa vya kale ni dhahabu. Lakini dhahabu hiyo ukiileta bwaloni Jumamosi usiku, utazomewa hadi ukome. Mimi nimezomewa, kwa hivyo najua ninalolisema.

Muhula uliopita Chama chetu cha Kiswahili kilipewa nusu saa ya burudani. Tukaamua kupiga zilipendwa za miaka ya zamani. Tulianza na "Sina Makosa" wa Les Wanyika. Hata mwimbaji hajafungua kinywa, nusu ya bwalo ikaanza kupiga meza kwa vijiko, "Toeni! Toeni! Hizo ni za wazee!" Kufika wimbo wa pili mtambo ukazimwa. Jumatatu mwalimu mmoja akatuliwaza, akasema tusijali, vijana wa leo wamezoea matusi na masikio yao hayawezi tena kusikia nyimbo safi. Tangu siku hiyo baadhi ya wanachama wanasema tusirudie aibu ile. Mimi nasema turudie. Ila, kwa heshima zote kwa mwalimu wetu, si kwa sababu aliyoitoa.

Likizo ilipofika nilimsimulia babu yangu kisa hicho. Babu alikuwa kibarua Nairobi miaka hiyo. Alicheka, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, huo wimbo mlioupiga, unajua unasema nini?" Nikasema ni wimbo wa mapenzi. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba ni malalamiko ya mtu anayechukiwa kwa ajili ya mapenzi ya siri, na kwamba wahusika wote wana wenzi wao tayari. Jamani! Mimi nilikuwa nimeusikia tangu utotoni, kwenye matatu na harusini, na sikuwahi kung'amua. Nyanya alikuwa papo hapo akichambua mboga, akacheka naye, wala hakuna aliyeinuka kwenda zake.

Kisha babu akasema, "Haya, zamu yako. Nipigie na wewe wimbo uupendao." Hapo ndipo nilipotoka jasho. Nilipekua simu ya mama wimbo baada ya wimbo. Huu una neno hili, ule una neno lile. Wimbo ninaoupenda kuliko zote sikuthubutu kuugusa mbele ya nyanya. Mwishowe nikapata "Sura Yako" wa Sauti Sol, wa mwaka 2014. Babu akausikiliza hadi mwisho huku akipiga kidole kwenye mkono wa kiti. Akasema, "Vijana hawa wanajua kuimba. Rudia."

Ndugu msomaji, tazama vizuri. Wimbo wa babu haukuwa na usafi wowote wa kutushinda sisi. Ulizungumzia jambo zito, la kuvunja nyumba. Kilichoutofautisha ni sitara ya lugha. Mtunzi alilifunika jambo kwa maneno ambayo mtoto anayapokea kitoto, na mkubwa anayaelewa kikubwa, na wote wanabaki chumba kimoja. Huo ndio ustadi wa Kiswahili tunaofundishwa darasani kila siku kwa jina la tasfida, na hapa umo ndani ya wimbo wa kuchezwa!

Tena tujiulize, ni nani waliokuwa na ustadi huo? Les Wanyika ilianzishwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliojitenga na Simba Wanyika, bendi ya ndugu wa ukoo wa Kinyonga waliotoka Tanga, Tanzania. Orchestra Super Mazembe, waliotuimbia "Shauri Yako", walikuwa Wakongo waliohamia Nairobi katika miaka ya 1970. Them Mushrooms wa Mombasa walitoa "Jambo Bwana" mwaka 1982, na mwaka uliofuata Boney M. kutoka Ujerumani wakaurekodi kwa namna yao. Mtanga, Mkongo na Mkenya walikutana Nairobi, na lugha iliyowaunganisha ni hii hii ambayo wengine wetu tunaiona ya mtihani tu.

Babu alinieleza pia jinsi walivyosikiliza. Redio ilikuwa Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 iliitwa KBC. Santuri ndogo haikuweza kubeba wimbo mrefu wote upande mmoja, hivyo ikifika nusu mtu alisimama akaigeuza. Anasema kwao ilikuwa kazi ya mdogo kuliko wote. Huwezi kuruka wimbo kila sekunde kumi kama tufanyavyo sisi. Ulisikiliza, ukabishana na jirani kuhusu maana, ukageuza, ukaendelea.

Basi nina pendekezo. Likizo ijayo kila mwanachama amwombe mzee mmoja nyumbani wimbo mmoja wa miaka ya 1980. Ayaandike maneno yake daftarini na amuulize mzee huyo maana. Wazee hawa hawatakuwapo daima, na wakienda na maana hizo, sisi tutabaki na magitaa tu. Naye mwanafunzi ampigie mzee wimbo wake mmoja wa siku hizi. Tukirudi, nusu saa yetu ya burudani tuigawe sawasawa: mmoja wao, mmoja wetu. Tusipige zilipendwa ili kuwasuta vijana. Nani anapenda wimbo aliopigiwa kama fimbo?

Nanyi wenzangu mliopiga meza, sina kinyongo. Nawaomba jambo moja tu. Ukifika nyumbani, keti karibu na nyanya yako, utafute katika nyimbo zako ule unaoweza kuupiga mbele yake bila kuangalia chini. Ukiupata upesi, njoo bwaloni unizomee tena. Ukikawia kama nilivyokawia mimi, basi njoo tusikilize pamoja.

Kalamu naiweka chini.