Kura yetu si sarafu ya wakubwa

Vijana wenzetu wa Butembo na Beni,

2028 bado iko mbali, lakini kwenye parkingi za wamotari na mbele ya maduka mazungumzo yameanza: fulani ataungana na fulani, chama hiki kimekufa, kile kinapanda. Mbele ya kumushangilia mtu yeyote, tukumbuke kwanza yaliyotupata.

Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne tu kabla ya uchaguzi, CENI ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi hazitapiga kura pamoja na inchi nzima. Sisi tuliwekwa mwezi wa tatu 2019. Sababu tuliyopewa: Ebola na usalama mudogo. Ni kweli Ebola ilikuwa inatuua, na mauaji ya raia huku Beni yalikuwa yanaendelea tangu 2014. Lakini soko zilikuwa wazi, makanisa yalijaa, na wagombea walikuwa wamepita kwetu kufanya kampeni. Ugonjwa ulikatazwa kwenye sanduku la kura tu?

Hesabu njo inauma zaidi. Wapiga kura zaidi ya milioni 1.2 waliachwa inje. Matokeo rasmi yalimupa Félix Tshisekedi asilimia 38.57 na Martin Fayulu asilimia 34.8. Tofauti kati yao: kura karibu 684,000. Yaani watu waliozuiwa kupiga kura walikuwa wengi kuliko tofauti yenyewe. Na raisi aliapishwa tarehe 24 Januari 2019. Sisi tulipopiga kura tarehe 31 Machi, tulichagua wabunge tu. Kiti cha raisi kilikuwa kimeisha kukaliwa.

Tuseme na kosa la upande wetu, maana ukweli hauchagui. Kwa hasira ya siku zile, watu walivamia kituo cha wagonjwa wa Ebola hapa Beni, na wagonjwa wakakimbia. Ile haikuwa siasa, ilikuwa kujichoma sisi wenyewe. Lakini tarehe 30 Desemba raia wa Beni walifanya kitu kingine: walipanga mustari, wakanawa mikono, wakapiga kura yao ya karatasi bila CENI. Haikuhesabiwa popote. Hata hivyo ilionyesha inchi nzima kwamba watu wa hapa wanajua kuchagua kwa utulivu.

Na wakubwa wa siasa, walifika wapi? Fuateni njia yao. Novemba 2018, kule Geneva, wapinzani walimuchagua Fayulu awe mgombea mumoja. Kesho yake Tshisekedi na Vital Kamerhe wakatoa sahihi zao. Kisha Tshisekedi akatawala pamoja na watu wa Joseph Kabila, yule yule aliyekuwa akimupinga. Desemba 2020 ndoa ile ikavunjika, na wabunge wengi waliochaguliwa kwa jina la Kabila wakahamia Union Sacrée bila kurudi kuuliza raia hata mumoja. Antipas Mbusa Nyamwisi, mtoto wa huku, aliyekuwa upande wa Fayulu mwaka 2018, akawa waziri wa Tshisekedi mwaka 2023. Na Corneille Nangaa, aliyekuwa raisi wa CENI wakati tulipoachwa inje, leo ni kiongozi wa AFC pamoja na M23.

Munaona? Wakubwa wanapanda na kushuka, lakini ngazi yao si kura yetu. Ni makubaliano ya hoteli.

Tuangalie kwingine kidogo. Tarehe 4 Julai 2024 Waingereza walipiga kura. Chama cha Rishi Sunak, kilichotawala miaka 14, kilibaki na wabunge 121. Kesho yake asubuhi Sunak alisimama mbele ya nyumba ya waziri mukuu, akaomba raia msamaha, akasema ataacha uongozi wa chama. Siku ile ile Keir Starmer akaingia. Kule si paradiso: chama cha Starmer kilipata karibu theluthi mbili ya viti kwa asilimia 34 hivi ya kura, na watu wanalalamika. Lakini aliyeshindwa alijua nani amemushinda: raia. Kwetu anayeshindwa anangojea simu ya kuitwa serikalini.

Na jeraha halijapona. Desemba 2023 sisi tulipiga kura, lakini ndugu zetu wa Masisi na Rutshuru wakaachwa inje kwa sababu ya vita. Leo kwao, kesho tena kwetu. Tangu Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi, na gavana hatukumuchagua.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwa CENI na Bunge: sheria iseme wazi kwamba eneo likizuiwa kupiga kura, matokeo ya raisi yasitangazwe mpaka eneo lile lipige.

Kwa wabunge wa Beni, Butembo na Lubero: ukihama kambi, rudi hapa, simama mbele ya raia, ueleze kwa nini. Kukimbilia Kinshasa si jibu.

Kwa sisi vijana: tuache kuuza sauti yetu kwa tisheti na kinywaji kimoja. Kila mugombea akija, tumuulize: tarehe 26 Desemba 2018 ulikuwa wapi, na ulisema nini? Asiye na jibu arudi alikotoka.

Katiba, kifungu cha 5, inasema enzi ya taifa ni ya wanainchi. Haikuandika: isipokuwa Beni na Butembo.