MWALIMU NA NYUMBA YETU: Bati halivuji, linatoka jasho

 

Mwezi huu tuongee juu ya paa za nyumba za zamani. Wazazi wengi wanasema: "Mwalimu, mvua haijanyesha, lakini asubuhi maji yanadondoka kitandani. Bati limetoboka." Mara nyingi bati ni zima kabisa. Linatoka jasho tu.

Inakuwaje? Watu sita wakilala chumba kimoja, pumzi zao zinatoa unyevu usiku kucha. Sufuria ya maharage nayo inatoa mvuke. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo inapanda juu na unyevu wake. Usiku bati linapoa haraka sana, na ule unyevu ukiligusa unageuka matone. Funua mfuniko wa sufuria uone: maji yale hayakutoka nje.

Hapa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, nyumba nyingi za zamani zilianza na nyasi au turubai, nyingine zikapata mabati baadaye. Nyasi zinapumua, moshi unapenya polepole. Bati na turubai havipumui. Halafu watu wakaziba kwa udongo ule uwazi kati ya ukuta na paa, sababu ya mbu na baridi. Ni kweli, mbu wa malaria wanapenda sana kuingia hapo. Lakini ukiziba kote, moshi unabaki na watoto. Wanakohoa, nimonia inawapata kwa urahisi, na miti ya paa inaoza.

Basi tufanye nini? Hewa inataka njia mbili, ya kuingia na ya kutoka:

1. Ya kutoka iwe juu kabisa. Kwenye kuta mbili za pembeni, pale zinapochongoka chini ya paa, toa tofali moja au mawili kila upande. Usiguse tofali linalobeba mti wa paa. Muone fundi kwanza.

2. Ya kuingia iwe chini: dirisha, au tundu ukutani. Tundu la juu likiwa mbali na la chini, hewa inavuta vizuri zaidi.

3. Kila tundu liwekewe wavu wa mbu, uubane vizuri. Ya juu uyawekee kipande cha bati kwa nje kama kofia, mvua isiingie. Chandarua kitandani kibaki palepale.

Ukimaliza, pima. Washa majani kidogo kwenye kopo, uzime moto, ubaki moshi. Ukipanda na kutoka juu, umefaulu. Ukizunguka chumbani, tundu ni dogo au limezibwa.

Jambo la mwisho, na hili ni la uhai. Tundu la paa haliruhusu kulala na mbabula ndani. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasinzia tu, haamki. Wakati wa baridi, kama mwezi wa sita na wa saba, ota moto nje, mbabula ibaki nje, halafu ingieni kulala.

Kina mama, mkiona matone kesho asubuhi, msikimbilie kununua bati jipya. Angalieni kwanza juu: hewa inatokea wapi?

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.