Kabla Hujalipa Kodi ya Chumba

Kijana wa Mbwara apatapo kazi Dar es Salaam, mara nyingi huteremka Mbagala Rangi Tatu, kwa kuwa huko ndiko walikotangulia jamaa zake. Hilo si kosa. Kosa ni kulipia chumba juma lilo hilo, kwa neno la dalali tu. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Ukiisha kuitoa, huna tena pa kugeukia.

Kwanza, uliza maji ya mvua hupita wapi. Wazee wa Rufiji walijenga madungu juu ya nguzo kwa sababu waliijua tabia ya mto. Mjini elimu hiyo husahauliwa kwa ajili ya unafuu wa kodi. Desemba 2011 mafuriko yaliwakumba wakazi wa bonde la Msimbazi, na wengine wakahamishiwa Mabwepande, mbali na shughuli zao.

Pili, safiri alfajiri ya siku ya kazi kutoka mtaa huo hadi kazini. Nauli na saa za njiani nazo ni kodi.

Tatu, fika ofisi ya serikali ya mtaa, kisha zungumza na akina mama wa jirani. Watakueleza habari za maji, wezi na shule.

Wazazi, mwambieni kijana akae kwa jamaa mwezi mmoja, achangie chakula, atembee aone. Kuuliza si ujinga.